Wanawake Haturithi

Iyula, Mbozi
9 Machi 2024

Mwanangu Tulinagwe,

Marahaba. Naipokea mapema kwa sababu najua utaniamkia. Sisi huku ni wazima, mvua inapiga, mahindi yamebeba vizuri. Mdogo wako Marita bado yuko hapa kwangu, anasema atarudi kwa mumewe mvua ikikatika. Mvua ya mwaka huu naona wamepatana naye, maana haikatiki.

Nimeandika kwa sababu simu yangu unaijua. Sikioni haisikiki mpaka niweke spika, na nikiweka spika Iyula nzima inajua umekula nini. Barua nampa Idrisa, yule anayekuja na Fuso kununua mahindi, atakukabidhi hapo ofisini kwako.

Jambo lenyewe ni koti la marehemu kaka Rabson. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani Ikinga kwa kikao cha ukoo. Unajua kwetu mtu mzima akifa hafutiki: anatafutwa mrithi, anavikwa koti lake, anaitwa kwa jina lake, na kumvika ni kazi yangu mimi binti wa nyumba. Koti nimelifua, nimelipiga pasi, nimelishika hivi mikononi. Shadrack, mtoto wake wa kwanza, mwanamume mzima mwenye ndevu, kuliona tu kakimbilia nyuma ya zizi. Kakimbia kweli, kiatu kimoja kikabaki uwanjani.

Baba yako Wiliam, ndiye mwenyekiti wa kikao, akamwita kwa ukali avae yaishe. Kijana akagoma. Akasema, "Tulinagwe si alitueleza msibani? Daktari wa Mbeya kasema saratani ya kibofu ni ya kurithi. Babu Andongwisye alikojoa damu, akafa. Baba akarithi koti la babu, naye akakojoa damu, akafa. Sasa mnanivika mimi? Kikulacho ki nguoni mwako!"

Nilicheka mpaka wakanitoa nje. Wenzangu hawakucheka. Kila mwanamume aliyetajwa badala yake alikuwa na udhuru, mmoja mgongo, mwingine ameokoka. Koti limerudi sandukuni na kaka yangu hana wa kuitwa kwa jina lake. Hilo linaniuma, sikufichi.

Heri sisi wanawake. Haturithi koti, haturithi jina, haturithi shamba. Basi na gonjwa lao wabaki nalo.

Kabla sijasahau. Jirani yangu Ferista anakojoa mkojo mwekundu kama juisi ya rozela. Haumuumi popote. Siku ya dawa za kichocho shuleni alijipanga mstari na watoto wa darasa la tatu, mwalimu akampima kwa ile fimbo yao ya urefu inayosema mtu ameze vidonge vingapi, akameza. Mkojo ukatulia wiki mbili, sasa umerudi. Wewe uliyemuuguza Rabson hospitalini unawajua madaktari. Uliza ameze tena vingapi. Si haraka.

Shangazi yako,
Gwantwa


Tunduma
2 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaijibu. Mimi mzima. Foleni ya malori imefika Chapwa na madereva wote wanataka karatasi zao zichapwe saa hiyo hiyo. Wale wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wananiita "bamayo" kwa heshima, yaani mama, nami sijazaa hata kifaranga. Mwambie Marita namsalimu, na mumewe alipita hapa juzi amekonda.

Shangazi, habari ya Shadrack nimeisoma nikacheka, kisha nikakaa chini. Kosa ni langu. Nilikuwa sijalala siku tatu, nimefika msibani na maiti, watu wananiuliza kimemuua nini. Nikafupisha maneno ya Daktari Raudha, nikasema "ni ya kurithi". Sikukumbuka kwamba kwetu neno hilo lina koti. Daktari hakusema koti, hakusema jina. Alisema kuna watu wanazaliwa na mwili ambao hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wengine. Wanazaliwa nao, Shangazi. Kikao hakiwapi wala hakiwanyimi.

Nitamwandikia baba awaeleze. Lakini hilo la koti linaweza kusubiri. Lingine haliwezi.

Ferista alihamia Vwawa mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilimsaidia kupakia kabati. Ni jirani gani huyo aliyejipanga na watoto wa darasa la tatu? Sikuulizi jina. Na barua yako nilipoifungua hapa ofisini, wenzangu waliuliza nani anavuta humu ndani. Uliniambia kiko ulikitupa chooni siku uliyowekwa kuwa mzee wa kanisa.

Damu kwenye mkojo wa mtu wa miaka sitini na minne, tena isiyouma, haitibiwi kwa fimbo ya shule. Baba mkubwa Rabson naye haikumuuma. Alikaa nayo mwaka mzima akisema ni kichocho, na tulipofika Mbeya ilikuwa imeshaingia kila mahali. Mwambie huyo jirani yako aje Tunduma, nitampeleka mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanao,
Tulinagwe


Iyula
21 Aprili 2024

Tulinagwe,

Huku wazima. Kahawa imeanza kuwiva upande wa chini.

Methali nilikufundisha mimi, usinirudishie. Na barua inanuka tumbaku kwa sababu Idrisa anavuta. Ndiyo, najua Idrisa ni Mwislamu safi na havuti. Basi Fuso lake linavuta.

Umeandika kama hakimu. Sasa nisikilize na mimi. Nilizaliwa kwa mzee Andongwisye, nikalima kahawa yake tangu nikiwa na urefu wa jembe. Alipokufa kaka zangu waligawana miche kwa kamba, safu kwa safu, mimi nikaambiwa nichemshe chai ya wagawaji. Sikupewa mche. Sikupewa hata kikapu cha kuchumia. Leo unaniambia baba yangu alinikumbuka kwenye saratani? Ukoo gani huo unaomwona mwanamke siku ya mabaya tu? Aka! Siupokei. Warithi ni wanaume, na mimi mwili wangu ni wa mama yangu, kila mtu anasema.

Na wewe je? Umeandika ukurasa mzima wa Rabson, wa Shadrack, wa Ferista. Wewe ni mjukuu wa Andongwisye vile vile. Umepima? Nijibu hilo kwanza, ndipo uniulize ya kiko.

Gwantwa


Tunduma
30 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kahawa inaendelea vizuri na vichanja vinatosha. Mimi mzima, na safari hii nalisema neno hilo kwa ushahidi.

Nimekaa mwezi na zaidi bila kukujibu. Idrisa amepita mara tatu akiuliza kama kuna bahasha, nikamwambia bado. Ulinichoma pale penyewe. Sikuwa nimepima. Tangu Rabson afe, kila nikienda haja ndogo naangalia ukutani ili nisione. Mimi, msichana wa kuwaandikia wengine methali! Basi nikaomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Mbeya kwa Daktari Raudha. Wamepima mkojo wangu, ni safi. Nililia pale maabara, mhudumu akadhani nimepata majibu mabaya.

Kisha nikamwomba daktari anieleze taratibu, nikaandika kwenye daftari nisije nikafupisha tena. Anasema hivi. Moshi wa tumbaku, iwe sigara au kiko, una sumu. Inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, inakaa kibofuni pamoja na mkojo mpaka uende haja. Mwili una namna ya kuivunja sumu hiyo. Kuna watu mwili wao unavunja haraka, na kuna watu unavunja polepole. Wa polepole, sumu inakaa ikikwangua kibofu miaka na miaka. Upolepole huo mtu anazaliwa nao, umeandikwa kwenye vinasaba. Na vipo vinasaba vingine vingi, kila kimoja kinaongeza hatari kidogo tu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ukoo wetu umehukumiwa?" Akakataa. Watu wengi wana mwili wa polepole na wanazeeka salama, kwa sababu hawakuvuta. Hata ya babu hawezi kuapa, huenda ilikuwa kichocho cha miaka mingi, nacho kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Lakini watu wawili wa damu moja wakishaumwa, waliobaki waache moshi, na anayeona damu asikae nayo.

Nikamuuliza pia swali lako, kama mwanamke anarithi. Alinishangaa. Akasema mtoto hupewa nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama, wa kike na wa kiume sawasawa. Shangazi, huko hakuna wagawaji wala kamba. Ulipewa fungu lako sawa na Rabson, na hakuna aliyekutuma ukachemshe chai. Najua si fungu ulilolitaka.

Nimekuandikisha kwa daktari Jumatano tarehe 12 Juni. Nitakuja Iyula Jumanne kukuchukua. Ukikataa nitakupigia simu Jumapili saa nne, kwaya ya akina mama ikiwa hapo kwako, na nitalitaja kila neno kwenye spika.

Nakupenda. Sitaki kubeba maiti nyingine kutoka Mbeya.

Tulinagwe


Iyula
6 Juni 2024

Mwanangu,

Wazima.

Ni tangu Oktoba. Rabson alikuwa bado hai, na nyumba ilikuwa na mgonjwa mmoja wa kutosha. Baadaye nikazoea kutoangalia, kama wewe na ukuta wako.

Njoo Jumanne. Marita mwambie tunakwenda harusini.

G.


Tunduma
14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo sana. Pole na uchovu, pole na ule mpira wa mkojo uliougombeza siku mbili kana kwamba ni mkwe wako. Nimefika Tunduma salama. Ofisini karatasi zimenisubiri mpaka dirishani, na yule bamayo wenu amesinzia juu ya mashine mara mbili.

Sasa kaa chini. Majibu ya kinyama walichokitoa yamefika, Daktari amenisomea mwenyewe. Ni saratani. Soma tena, kisha soma inayofuata: ilikuwa juu juu kwenye ngozi ya kibofu, ukubwa wa punje mbili za maharage, haijashika nyama. Waliyoiona kwa kamera siku ile wameikwangua yote. Watakuwekea dawa moja kwa moja kibofuni, mara sita, kila wiki mara moja, kisha kila baada ya miezi mitatu watachungulia tena kwa kamera. Daktari alisema, "Shangazi yako amekuja wakati bado ana cha kuchagua." Rabson hakuwa nacho.

Inaweza kurudi, hilo sikufichi, ndiyo maana ya kuchunguliwa. Ikirudi tutaikuta ikiwa ndogo. Ila kiko, Shangazi. Daktari alisema ukiendelea nacho unaimwagia mbolea. Sikuombi ukitupe chooni, maana choo chenu naona kinarudisha vitu. Kiweke mkononi mwa Idrisa aniletee.

Nimemwandikia baba mara mbili kumweleza maana ya kurithi. Hajanijibu. Labda ana hasira kwamba nilikupeleka bila kuuliza kikao. Ukimwona niombee msamaha.

Mwanao,
Tulinagwe


Ikinga, Ileje
1 Septemba 2024

Mwanangu Tulinagwe,

Nakuandikia nikiwa nyumbani tulikozaliwa. Mimi mzima, nakojoa maji meupe kama mtoto mchanga, na nimechungulia kila siku, sitazami tena ukuta. Dawa ya kibofuni nimemaliza zote sita. Inawasha, nimeitukana kwa lugha tatu. Marita amerudi kwa mumewe baada ya kugundua kwamba harusi ilikuwa ya kamera. Alilia, kisha akanikaripia, nikaona kumbe nimezaa mtu mwenye akili. Kiko amekiacha Idrisa kwako, nadhani. Mikono bado inakitafuta, hasa baada ya kula. Naishikisha karanga.

Jana kikao cha ukoo kimekaa tena, na nilikiomba mimi. Nilikuja na daftari lako uliloniachia Mbeya. Baba yako akafungua kwa sala, akasema ajenda ni moja, Shadrack avae. Nikasimama. Nikasema, "Kabla ya koti, warithi wa Andongwisye na wasimame tuwaone."

Wakasimama wanaume, tisa pamoja na vijana. Nikawaambia, "Sijasema wenye kahawa, nimesema warithi." Wakatazamana. Basi nikawasomea ukurasa wako, wa nusu na nusu, neno kwa neno, sikufupisha. Nikawaambia mimi Gwantwa nimekutwa nayo, na wamenikwangua, na sikuvikwa koti la mtu.

Akasimama Marita. Akafuata binti mkubwa wa Rabson, na yule mdogo wake mwenye mimba, na dada zako, na mabinti wa dada zako. Sikuwahesabu ila nafasi ya kukaa iliisha, wakawa wamesimama mpaka mlangoni. Nikawaambia wote, kike kwa kiume: hakuna kiko, hakuna sigara, hakuna ugoro, na mwenye kuona damu aje kwangu siku hiyo hiyo. Kuhusu kahawa nikasema neno moja: kama damu ya Andongwisye imeniona kuwa mwanawe, na shamba lake linione. Wazee wakakohoa. Wameomba muda wa kufikiri. Nimewapa mpaka Krismasi, nami sasa nina afya ya kuwasubiri.

Shadrack alikuja mwenyewe mbele. Akasema, "Shangazi, kwa hiyo koti halina kitu?" Nikamjibu lina harufu ya baba yako tu. Nimemvika. Nilipomwita "Rabson" aliitika kwa sauti ile ile ya kaka, nikashindwa kujizuia, nikamlilia kifuani.

Sasa linalonifanya niandike. Kabla ya kufunga niliuliza, "Nani humu ameona damu akanyamaza? Anyanyue mkono, hakuna wa kumcheka, wa kwanza kunyamaza nilikuwa mimi." Nilidhani watakaa kimya. Mkono mmoja ukapanda taratibu, mezani kwa mwenyekiti.

Baba yako. Tangu Pasaka, Tulinagwe. Ndiyo maana jana alikuwa akimkazania Shadrack avae upesi, alifikiri koti likipata mwenyewe litamwachia yeye. Ndiyo maana hakukujibu. Alitubu hilo mbele ya Shadrack, na Shadrack mwenye koti akamshika mkono akamkalisha. Pakiti ya sigara aliitoa mfukoni akanikabidhi kama mwanafunzi.

Usiogope. Mimi nilikaa nayo miezi minane na bado nipo nagombana na wazee wa kahawa. Yeye ana mitano. Mlango tumeshaujua, daktari tumeshamjua, na maneno tumeshajifunza kuyasema. Ila mjue baba yako, ana aibu kuliko bibi harusi. Atakwambia amekuja Tunduma kutazama bei ya mahindi. Usimwulize la bei. Mpe chai, kesho asubuhi mpakie basi la Mbeya, na usimwachie nafasi ya kukaa karibu na mlango.

Barua hii sikumpa Idrisa. Anayekukabidhi ni yeye mwenyewe, na amesimama hapo mbele yako akijifanya anasoma matangazo ya ukutani. Inua macho, mwanangu, umpe baba yako shikamoo.

Shangazi yako,
Gwantwa binti Andongwisye